AC haipoozi wala haipashi joto: pima hivi kabla hujalipia gesi

Januari na Februari, joto la Dar es Salaam linapokaza, simu zinazoingia kwangu hufanana: "Fundi, AC imeisha gesi, njoo ujaze." Nikifika naambiwa ilijazwa miezi mitatu iliyopita, na kabla ya hapo ilijazwa tena.

Mama mmoja wa Tabata alikuwa amelipia gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Nilichomoa filta za mashine ya ndani, nikamulika tochi nyuma yake. Koili, yaani mabomba yenye mapezi membamba ambamo gesi hupita, ilikuwa imevaa vumbi la kijivu kutoka juu hadi chini. Nililivuta kwa kucha, likabanduka kipande kizima kama kitambaa. Nilipomaliza kuosha na kupima, gesi haikuwa imepungua. Ilikuwa imezidi.

Mwongozo huu ni wa AC ya ukutani yenye mashine mbili, ya ndani na ya nje. Unahusu zinazopooza tu, na zile zinazopooza na kupasha joto, yaani pampu za joto, ambazo hutumika zaidi Njombe, Mbeya, Arusha, Nairobi na kwa ndugu zetu walio nchi za baridi.

Shika jambo hili kabla ya mengine: gesi ya AC si petroli. Mashine haiichomi wala haiimalizi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto kutoka upande mmoja na kulimwaga upande mwingine. Ikipungua, ipo sehemu inavuja. Kujaza bila kutafuta tundu ni kumimina maji kwenye pakacha.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kila mtu:

- kipimajoto cha dijitali, hata kile kidogo cha jikoni
- tochi, bisibisi ya nyota na brashi laini ya rangi
- ndoo, taulo kuukuu na mpira wa maji wa bustani
- sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na sponji
- daftari, kalamu, na simu ya kupigia picha

Kwa aliyezoea kazi ya umeme tu:

- multimita inayosoma volti na mikrofaradi
- klampmita ya kupimia ampea
- rezista ya kupunguzia chaji ya kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme), na glavu kavu

Geji za gesi, yaani vipimo vya presha, huzihitaji. Kazi nyingi inaisha kabla ya kufika huko.

Kabla ya kugusa kitu, nenda kwenye mashine ya nje upige picha kibandiko cha ubavuni. Hapo pameandikwa aina ya gesi (R22, R410A au R32), uzito wake kwa gramu au kilo, volti na ampea. Namba hizi ndizo utakazolinganisha na vipimo vyako, na ndizo utakazomwonyesha fundi akianza kubahatisha.

## Usalama

Zima kwenye swichi ya ukutani na kwenye breka. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu umeme bado unafika kwenye bodi ya umeme iliyo ndani ya mashine.

Kapasita hukaa na chaji hata umeme ukiwa umekatwa. Kwenye AC za inveta (zinazoongeza na kupunguza mwendo zenyewe), bodi ya nje inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 kwa dakika kadhaa. Subiri angalau dakika 10, kisha pima kwa multimita kabla ya kuingiza mkono.

Kama kibandiko kinasema R32, kumbuka gesi hiyo inaweza kushika moto. Usiwashe kiberiti wala kuchomelea karibu na mahali panapovuja.

Kama hujawahi kufungua kifaa cha umeme, fanya hatua ya 1 hadi ya 4, halafu soma zilizobaki ili ujue cha kumuuliza fundi.

## Hatua ya 1: Hakikisha umeiambia ifanye unachotaka

Angalia kioo cha rimoti. Alama ya theluji au neno COOL maana yake kupooza. Jua au HEAT ni kupasha joto. FAN inapuliza hewa tu, na DRY inapunguza unyevu huku feni ikienda polepole. Nimeshaitwa mara nyingi kwenye nyumba ambazo mtoto alibonyeza kitufe kimoja.

Baada ya kuwasha, subiri dakika tatu hadi tano. Mashine huchelewesha kompresa (pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje) makusudi ili presha ya pande mbili ilingane kwanza. Anayezima na kuwasha kila dakika kwa haraka ya baridi anaitesa kompresa.

Kama tatizo ni joto, thibitisha kwanza kwamba AC yako inapasha. Nyingi zinazouzwa pwani ni za kupooza tu, na rimoti ya dukani inaweza kuwa na kitufe cha HEAT kisicho na kazi. Soma kibandiko: mashine inayopasha ina namba ya uwezo wa kupasha pembeni ya ile ya kupooza.

## Hatua ya 2: Pima tofauti ya joto

Hiki ndicho kipimo kikuu, na karibu hakuna anayekifanya nyumbani.

Funga milango na madirisha. Weka COOL, nyuzi 16, feni kasi ya juu. Acha dakika 20. Nyuzi 16 ni kwa ajili ya kipimo tu: AC ya inveta hupunguza mwendo ikikaribia kiwango ulichoweka, na hapo kipimo kinakudanganya.

Weka kipimajoto juu ya mashine ya ndani, pale hewa inapoingilia, usome baada ya dakika mbili. Kisha kiweke mdomoni, hewa inapotokea. Toa cha pili kwenye cha kwanza. Tuseme juu ni 29 na mdomoni ni 19, tofauti ni nyuzi 10.

- Nyuzi 8 hadi 12: inapooza sawasawa.
- Chini ya 6: kuna tatizo. Endelea na hatua zinazofuata.
- Zaidi ya 14 na hewa inatoka kidogo: hewa haipiti vizuri. Nenda hatua ya 3.
- Sifuri au moja: huenda kompresa haifanyi kazi. Fanya hatua ya 3 na ya 4 haraka, kisha nenda ya 5.

Angalizo kwa watu wa pwani. Hewa ya Dar, Tanga, Mombasa na Unguja ina unyevu mwingi, na sehemu kubwa ya nguvu ya AC huishia kuugeuza unyevu huo kuwa maji. Kwa hiyo nyuzi 8 huku bomba la maji nje likitiririka bila kukoma ni afya kabisa. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) inaweza kutoa lita nzima na zaidi kwa saa kukiwa na unyevu mkali. Dodoma, ambako hewa ni kavu, tofauti hupanda na maji hupungua.

Kama tofauti ni nzuri na chumba bado cha moto, AC haina kosa. Chumba kimeizidi. Chumba cha mita nne kwa nne kwa kawaida kinataka BTU 12,000. Ukiweka 9,000 chini ya bati lisilo na dari nzuri, na dirisha likitazama jua la alasiri, mashine itahangaika mchana kutwa. Pazia zito na dari vitakusaidia kuliko gesi.

## Hatua ya 3: Njia ya hewa ndani

Hapa ndipo tatizo la wengi linapopatikana.

Sababu yake ni hii. Gesi ndani ya koili inahitaji joto la hewa ya chumba ili ichemke. Vumbi likiziba, hewa haipiti, gesi haipati joto, presha inashuka na koili inaanza kuganda. Fundi akifunga geji anaona presha ndogo, anasema gesi ndogo, anaongeza. Baadaye koili ikioshwa, presha inaruka juu kuliko inavyotakiwa, na kompresa inavuta ampea nyingi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kule Tabata. Koili chafu na gesi pungufu vina dalili karibu zilezile, ndiyo maana usafi lazima utangulie geji.

Fanya hivi:

1. Zima umeme. Fungua kifuniko, chomoa filta, zioshe kwa maji na sabuni, zianike kivulini. Jua kali hukunja plastiki.
2. Mulika koili. Isugue kwa brashi kutoka juu kwenda chini, ukifuata mstari wa mapezi ya alumini. Ukisugua kwa kukatiza, unayalaza na kuziba njia ya hewa upya.
3. Funika sehemu ya bodi ya umeme, upande wa kulia kwa mashine nyingi, kwa mfuko wa nailoni. Nyunyiza maji yenye sabuni kidogo, acha dakika 10, suuza taratibu huku umekinga kwa taulo na ndoo. Usitumie jiki. Inakula alumini.
4. Mulika ndani ya mdomo wa mashine. Utaona ngoma ndefu ya feni yenye vibawa vyembamba. Kila kibawa kina mbonyeo, na mbonyeo ukijaa vumbi ngoma inazunguka bila kusukuma hewa. Watu wengi huosha filta kila wiki na hawajawahi kuitazama ngoma.

Umefanikiwa ukiona: hewa inafika upande wa pili wa chumba, na tofauti ya joto imerudi nyuzi 8 au zaidi. Kama imerudi, kazi imekwisha. Sehemu zenye vumbi osha filta kila baada ya wiki mbili.

Kama AC inadondosha maji chumbani, tatizo huwa kwenye bomba la kutolea maji: limezibwa na utelezi, au limelazwa kwa kupanda. Puliza kwa mdomo kutokea nje, kisha mimina glasi ya maji kwenye trei ya maji iliyo chini ya koili. Maji yakitoka nje mfululizo, limefunguka.

## Hatua ya 4: Mashine ya nje

Toka nje mashine ikiwa inafanya kazi. Simama mbele ya feni.

Hewa inayotoka inapaswa kuwa ya moto waziwazi, maana hilo ndilo joto la chumba chako linalomwagwa. Feni ikizunguka na hewa ikawa ya kawaida tu, kompresa huenda imelala. Feni ikiwa imesimama huku kompresa inanguruma, zima mara moja: joto halitoki na kompresa itajizima kwa kuzidiwa.

Angalia nafasi. Nyuma yake panataka angalau sentimita 10 hadi 15, na mbele angalau nusu mita, zaidi ni bora. Nimekuta mashine zimefungiwa ndani ya kijumba cha matofali kwa kuhofia wezi, nyingine zimeanikiwa nguo mbele. Hewa ya moto inarudi kuvutwa tena, na chumba hakipoi hata gesi ikiwa kamili. Kama ni lazima kuzuia wizi, tumia nondo zilizoachana, usiweke ukuta.

Kuosha: zima umeme, fungua kifuniko, mwagia maji ya mpira wa kawaida kutoka ndani kwenda nje ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze. Inayalaza mapezi kwa sekunde chache, na kuyanyoosha ni kazi ya siku nzima.

Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Nyali au Unguja, chumvi ndiyo adui mkubwa. Bonyeza pezi moja kwa kidole. Likisagika kama jani kavu, koili imeshaliwa na haitamwaga joto hata ukiiosha. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi kabla hujafika hapo.

Umefanikiwa ukiona: mwanga wa tochi unapita katikati ya mapezi, hewa inatoka ya moto, na, kama una klampmita, ampea zimeshuka kuliko kabla ya kuosha.

## Hatua ya 5: Umeme

Kuanzia hapa ni kwa aliyezoea umeme.

Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, Kenya ni 240. AC nyingi zinavumilia asilimia 10 juu au chini, yaani takribani 207 hadi 253 kwa Tanzania. Chini ya hapo kompresa ya kawaida inashindwa kuanza, inavuta ampea nyingi, inachemka.

Pima mara mbili. Kwanza AC ikiwa imezimwa, kisha kompresa ikiwa inafanya kazi. Kipimo cha pili ndicho chenye maana, na wengi hukiruka.

Tuseme imezimwa unasoma 226, na ikiwaka inashuka hadi 221. Hiyo ni sawa. Ikiwaka ikashuka hadi 196, nyaya zako ni nyembamba au kuna kiungo kilicholegea. AC ya BTU 12,000 inastahili waya wake wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye breka yake, si kuunganishwa kwenye soketi moja na friji na birika. Tafuta soketi iliyobadilika rangi kuwa kahawia au yenye harufu ya plastiki iliyoungua. Hapo ndipo volti zinapopotelea.

Kama umeme uko chini hata AC ikiwa imezimwa, pima saa tofauti za siku, andika, na upeleke namba hizo shirika la umeme. Malalamiko yenye saa na volti husikilizwa haraka kuliko kusema umeme ni mdogo.

## Hatua ya 6: Kompresa haiwaki

Sikiliza kwa makini. Sauti inakupa nusu ya jibu.

Tik, mngurumo wa sekunde chache, tik, kimya. Baada ya dakika kadhaa inarudia. Kwa AC isiyo ya inveta, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, wa pili ni umeme mdogo, na wa tatu ni kompresa iliyokwama. Anza na kapasita kwa sababu ni ya bei nafuu na huharibika mara nyingi.

Ni mkebe wa bati au plastiki, ubavuni umeandikwa mfano 35 µF ±5% 450V (µF ni mikrofaradi). Utazame uso wake wa juu. Mzima una uso bapa. Uliokufa hutuna kama kopo la maziwa lililooza, wakati mwingine na mafuta yanayonata pembeni.

Ila kutotuna si dhamana. Kata umeme, unganisha rezista kwenye miguu yake kwa sekunde kadhaa ili chaji iishe, thibitisha kwa multimita kwamba volti ni sifuri, chomoa nyaya baada ya kuzipiga picha, kisha pima mikrofaradi. Kapasita ya 35 inapaswa kusoma kati ya 33 na 37 hivi. Ikisoma 26, imekwisha, hata kama inang'aa.

Nunua yenye mikrofaradi zilezile, na volti zilezile au zaidi. Usikubali ya 30 kwa kuwa ya 35 haipo dukani.

Umefanikiwa ukiona: kompresa inaanza mara moja, ampea zinaruka juu kwa kitambo kifupi kisha zinatulia kwenye namba ya kibandiko au chini yake. Kwa BTU 12,000 ya kawaida, huwa karibu na ampea 5.

Kimya kabisa, hata tik hakuna. Mara nyingi umeme haufiki nje. Kagua nyaya kati ya mashine mbili, kisha bodi ya ndani. Kabla ya kusema bodi imeungua, ifungue. Mjusi mmoja akilala katikati ya miguu miwili ya umeme anatosha kuzima AC nzima, na sisimizi hupenda kujaa kwenye rilei, yaani swichi ndogo za kwenye bodi. Safisha kwa brashi kavu, jaribu tena.

AC ya inveta haina kapasita ya kuwashia kompresa. Yenyewe huonyesha herufi na namba kwenye kioo, au taa inawaka na kuzima kwa hesabu. Rekodi video. Maana ya alama hizo hutofautiana kwa kila kampuni na kila modeli, hivyo tumia kitabu cha modeli yako tu. E1 ya kampuni moja si E1 ya nyingine.

## Hatua ya 7: Isome barafu

Ukiona barafu, usiikwangue kwa kisu. Bomba la shaba likitoboka ndipo gesi itaisha kweli. Zima kupooza, acha feni ipulize hadi iyeyuke, lakini kwanza piga picha mahali ilipoanzia.

Koili nzima imeganda sawasawa: hewa haipiti. Rudi hatua ya 3. Pia angalia kama ngoma ya feni inazunguka kwa kasi yake.

Barafu iko kwenye bomba jembamba nje, au kwenye kipande cha mwanzo tu cha koili huku sehemu iliyobaki ni kavu na ya vuguvugu: gesi pungufu. Gesi kidogo iliyopo inachemka yote mwanzoni na haifiki mwisho wa koili.

Mashine inayofanya kazi vizuri, bomba nene la nje huwa la baridi na linatoka jasho, bila barafu.

## Hatua ya 8: Sasa ndiyo tuzungumze gesi

Umeosha, umepima volti, kompresa inafanya kazi, feni zote mbili zinazunguka, na bado tofauti iko chini ya nyuzi 6. Ampea pia ziko chini kuliko kibandiko. Hapo gesi pungufu inawezekana kweli.

Nenda kwenye nati za shaba, nje mbili na ndani mbili nyuma ya mashine. Gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa, na inapovuja huacha mafuta nyuma. Tafuta nati iliyoshika vumbi jeusi lenye unyevunyevu wakati nati ya jirani ni kavu. Paka povu zito la sabuni, subiri dakika mbili bila kuhama. Tundu dogo halipulizi puto. Linatoa vipovu vidogo vyeupe vinavyokua polepole kama mapovu ya maziwa.

Nati mara nyingi ndizo zinazovuja, kwa sababu bomba lilifunguliwa mdomo vibaya siku ya kufunga, au nati ilikazwa kupita kiasi ikapasuka.

Fundi akija, kazi ya haki ina mambo haya, kwa mpangilio huu:

1. Anatafuta tundu na kuliziba. Kama hajalipata, anajaza naitrojeni ya presha na kupaka povu. Asitumie oksijeni hata kwa bahati mbaya: ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka.
2. Anavuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, angalau dakika 20 hadi 30, kisha anafunga na kusubiri aone kama sindano inabaki palepale. Hewa na unyevu vikibaki ndani, vinaharibu mafuta ya kompresa.
3. Anajaza kwa mizani, kwa uzito wa kwenye kibandiko. Hiki ndicho kipengele cha kukishikilia. Anayejaza kwa kukisia presha au kwa kugusa bomba hawezi kujua ameweka kiasi gani. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, hivyo huingizwa ikiwa kimiminika, taratibu.

Ukitaka kuelewa geji anazosoma: AC ya kawaida ya R22 ikipooza, upande wa presha ndogo huwa kati ya psi (kipimo cha presha) 60 na 75. R410A na R32 huwa 110 hadi 140. Kwa inveta namba hizi hupanda na kushuka kwa mwendo wa kompresa, ndiyo maana nasisitiza mizani. Na kamwe gesi za aina mbili zisichanganywe.

Umefanikiwa ukiona: tofauti ya joto imerudi, na baada ya wiki mbili ukipima tena haijashuka. Ikishuka, tundu bado lipo, na fundi anapaswa kurudi.

## Hatua ya 9: Inapooza vizuri, haipashi

Hii ni ya watu wa nyanda za juu na wa ughaibuni. Kama inapooza vizuri, kompresa na gesi viko salama kwa sehemu kubwa. Swali linabaki kwenye kinachogeuza njia.

Weka HEAT, nyuzi 30. Feni ya ndani haitapuliza mara moja. Inasubiri koili ipate moto ili isikupulizie baridi, na inaweza kuchukua dakika chache. Wengi huzima hapo wakidhani imekufa.

Baada ya dakika 20 pima. Hewa ya mdomoni inapaswa kuzidi ya juu kwa nyuzi 15 au zaidi. Nje, bomba nene sasa liwe la moto: gusa haraka kwa mgongo wa kidole, maana linaweza kuunguza. Hewa ya feni ya nje itakuwa baridi, na maji yatadondoka chini yake. Ni kawaida.

Bomba nene likibaki baridi kwenye HEAT, valvu ya kugeuza njia haijageuka. Ukiifungua mashine ya nje utaiona: silinda fupi ya shaba iliyolala, bomba moja upande mmoja na matatu upande wa pili, na juu yake koili ndogo ya umeme. Kwa AC nyingi za ukutani, koili hiyo hupata umeme kwenye HEAT. Inapogeuka unasikia tik, kisha mvumo wa gesi.

Hakuna tik: mwombe fundi apime kama koili inapata volti. Ikiwa hazifiki, tatizo ni bodi au waya. Zikifika na hakuna kinachotokea, huenda koili hiyo ya umeme imekatika, nayo hubadilishwa bila kugusa gesi. Tik ipo lakini bomba linabaki vuguvugu: valvu yenyewe imekwama katikati, na kuibadilisha kunataka kutoa gesi na kuchomelea.

Kwa walio Ulaya, Marekani na Kanada: ukungu mweupe wa barafu kwenye mashine ya nje wakati wa baridi ni wa kawaida. Mashine hujiyeyusha yenyewe kwa dakika chache. Feni zote mbili zinasimama, mvuke unafuka kama moshi, kisha inarudi kupasha. Shida ni pale barafu inapojaa hadi kuficha mapezi na haiondoki baada ya saa mbili au tatu. Hapo kagua kama theluji imeziba pande zake, kama feni ya nje inazunguka, na kama sensa (kipimajoto kidogo) ya koili ya nje imebaki kwenye klipu yake. Sensa iliyochomoka haijui kuna barafu, hivyo haiagizi kuyeyusha. Usimwagie maji yanayochemka. Zima, ondoa theluji kwa mkono, acha iyeyuke.

## Baada ya kurekebisha

Pima upya kama hatua ya 2, na kama una vifaa ongeza volti na ampea. Andika tarehe, joto la kuingia, la kutoka, na kazi iliyofanyika kwenye kipande cha karatasi. Kifunge kwa nailoni na selotepu ubavuni mwa mashine ya ndani. Fundi yeyote atakayekuja kesho, msomeshe karatasi hiyo kabla hajafungua begi la geji.